Kamera Isiyolia

Mpiga picha wangu,

Nimewahi kazini. Maharage yako jikoni, yapashe moto, usiyale baridi kama mwizi. Gesi ifunge. Nguo zianue mvua ikianza kunukia.

Halafu, kuhusu asubuhi. Uliniambia, "Mama, tazama dirishani, usinitazame mimi, nalinganisha kamera." Ile ya zamani ikalia kacha! nikajua tayari. Kisha ukachukua mpya. Nikatabasamu, nikingoja ilie. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma na chai ikapoa. Nilipogeuka, kumbe ulishamaliza, umejifungia chumbani na kompyuta yako. Nilikuwa nalichekea pazia.

Najua, ulishanieleza: mpya haina kile kioo cha kunyanyuka ndani, ndiyo maana iko kimya. Ni nyepesi, inaona hata gizani, na maharusi wako wataipenda. Sibishi. Ya zamani ni nzito kama tofali, na picha zake za ukumbini zina chengachenga.

~~Mnunuzi wa ile ya zamani akija jioni mpe, iko juu ya kabati.~~

Mnunuzi akija, mwambie mama kakataa. Wewe mwenyewe siku hizi unaingia na kutoka humu ndani bila hata kuaga. Sasa na kamera nayo? Kazini tumia mpya. Mimi unipige picha kwa ile ya zamani, nisikie kwamba ulikuwa unanitazama.

Betri yake nimeichomeka kwenye chaja. Usiichomoe.

Mama