Fungu la Matungu

Kakamega, Alhamisi, Oktoba 1998

Nimeifuta Matungu. Kwa kifutio tu, kama kosa la penseli.

Wiki nzima nimekuwa nikigawa anwani za kompyuta za kampuni yetu ya mbolea, kila tawi na fungu lake la namba, zisije zikagongana tutakapoyaunganisha matawi kwa laini za simu. Kakamega fungu la kwanza, Mumias la pili, Matungu la tatu. Leo mkurugenzi aliutazama mchoro wangu, akaweka kidole.

"Hilo la tatu wape Lugari."

"Na Matungu je, mzee?"

"Matungu tunafunga Krismasi. Usimwambie mtu."

Sasa mimi najua, na Mama Nekesa anayeliendesha tawi lile hajui. Tena mchana huo huo akapiga simu. "Kijana wangu, nakuulizanga kila siku, hiyo kompyuta yangu inakuja lini?"

Nikamwambia bado tunapanga. Tunapanga! Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

Nikinyamaza, mama wa watu ataingia mwaka mpya bila kazi na bila kujiandaa. Nikisema, atakayefuata ni mimi. Na nyumbani wananitegemea...

Jioni dereva wa lori akaniletea mzigo kutoka kwa Mama Nekesa: kitambaa cheupe cha maua, amekifuma mwenyewe kwa kroshia, cha kufunika kompyuta isiingie vumbi. Alitaka nikipime kwenye yangu kabla hajamalizia pindo.

Nilikipima kabla sijatoka ofisini. Kilienea vizuri kabisa.