Wimbo wa Tano Una Akogo

Vivianne, si mzee Ojakol wa ploti ya pili amenijia mlangoni anafoka: "Mama, maiti mmezika kwenu Rukala, disko matanga unatuletea hapa Malaba?"

Disko matanga! Mimi!

Nikamwambia, "Mzee, hii si disko. Ni albamu ya roki, ndugu yangu Protus aliiacha kwa simu yake."

"Zima!"

"Sizimi."

Na sikusema kwa hasira, Vivi. Tangu tumzike Protus sina hasira, sina machozi, sina kitu.

Unajua mimi na roki hatujuani. Lakini hawa vijana wa bendi wamechanganya kila kitu. Wimbo wa kwanza gitaa linalia kama grinda ya fundi wa jua kali, wa pili ni kinanda cha kanisa, wa tatu tarumbeta za harusi. Kila mara nadhani wamepotea, kumbe njia wanaijua. Siku hizi ndicho kitu pekee kinaniingia.

Sasa tukibishana hivyo, wimbo wa tano ukafika. Gitaa likanyamaza, ikaanza akogo, ile ala ya kwao kina mzee, Wateso, ya vyuma, wanapiga na vidole gumba.

Mzee alinyamaza katikati ya neno. Katikati ya neno, Vivi! Akavua kofia.

"Rudisha mwanzo, mama."

Nikarudisha. Mara tatu.

Na mimi bado napika sufuria kubwa kama ya watu wa matanga, na nyumba haina mtu. Nikamwambia, "Mzee, ingia unawe mikono. Ugali wa wimbi uko tayari."