Bandari Bila Mzigo

Jumapili, Machi 2008. Mtwara.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, umeme umekatika na kurudi, na mimi nina furaha ambayo si ya kumwambia padri.

Jana nilimshinda mume wangu. Nilimnyoa bila maji.

Mchezo wenyewe alituachia Mzungu mmoja wa kampuni ya gesi kule Msimbati, alipokuwa anarudi kwao. Ni ubao wenye kisiwa. Msitu unatoa mbao, shamba linatoa ngano, na kila kipande kina namba yake. Mnarusha dadu mbili; zikitoa namba yako, unavuna. Ukipungukiwa, unabadilishana na wenzako. Lakini kazi yote iko mwanzoni, unapochagua pa kuweka nyumba zako mbili za kwanza. Sita na nane hutoka mara kwa mara. Mbili na kumi na mbili ukizisubiri utaota mvi.

Mume wangu Mathayo hajali namba. Anafanya kazi bandarini, basi na kwenye ubao anaanzia bandarini. Kila siku! Eti pale unabadilisha mali kwa bei nafuu. Mali ipi sasa? Baba wee, bandari bila mzigo ni maji tu. Mtu anayeshinda kwenye gati tupu tangu korosho ziishe angekuwa wa kwanza kulijua hilo. Yeye wimbo wake ni mmoja: "Mwakani meli zitajaa, mama Neema." Neema ana miaka saba na hiyo mwakani haijafika.

Safari hii hatukuwa tunacheza tu. Nimekubaliwa uhamisho wa kwenda Morogoro, kwetu, na Mathayo hataki kusikia. Tumenuniana mpaka nyumba ikawa kama ya msiba. Jana akasema mwenyewe, mbele ya Mwanahawa, mwalimu mwenzangu aliyekuja kucheza nasi: "Nikishinda tunabaki. Ukishinda tunahama wote, wala sitanung'unika."

Masikini.

Kwa sheria za mchezo, anayeanza huweka nyumba yake ya pili mwisho kabisa, naye anayemalizia huweka zote mbili kwa mpigo. Nikamwambia kwa sauti ya asali, "Anza wewe, baba, ndiye kichwa cha nyumba." Akafurahi! Akaenda moja kwa moja bandarini, ubavuni mwa msitu. Mwanahawa akaweka yake. Mimi nikachukua sita na nane, na nyumba yangu ya pili nikaiweka palepale ambapo barabara yake ya kutoka bandarini ingepita, nikamzibia njia. Ilipofika zamu ya nyumba yake ya pili, palibaki mabaki.

Mbao alipata chache. Ngano hakuiona.

"Nipe ngano moja tu," akaniomba. "Nakupa mbao mbili."

Ngano zilinijaa mkononi. Nikamwambia, "Subiri meli."

Mwanahawa akaguna. "Wee mwalimu, haki ya Mungu huna huruma. Si mumeo huyo?" Akataka kumpa ngano yake. Nikamkata jicho, akairudisha.

Nilipomaliza kushinda, Mathayo alikusanya vijumba vyake akavirudisha kwenye boksi. "Haya, tunahama," akasema. Hakununa hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi, maana nilitaka anune.

Niseme ukweli, kwenye blogu hii hanisomi mtu anayenijua. Nilipoolewa, wote walisema nimepata. Kijana wa bandarini, ana mshahara, amepanga nyumba nzuri Chikongola! Na mimi nikaona bandari tu. Namba sikuziangalia.

Leo tulipotoka kanisani, kanifunika kwa mwavuli, yeye mwenyewe akiloa bega zima. Akaniuliza, "Mama Neema, ungeanza upya, ungenichagua?"

"Ningeangalia namba kwanza."

Akacheka sana, akidhani namtania. Mimi sikucheka. Akaendelea kunifunika mpaka mlangoni.

Mchana nimeanza kufunga mizigo. Tulikubaliana tunahama wote, na yeye neno lake halivunji. Hata sasa yuko barazani anamweleza Neema jinsi milima ya Uluguru ilivyo, milima ambayo hajawahi kuiona. Masanduku mawili yamejaa. Nguo zangu zimo, na za Neema zimo.

Za Mathayo bado ziko kabatini, na nafasi imekwisha. Sasa mimi jana nilikuwa nashindania nini?