Bima Niliyokata Bila Kukungoja

Dunda,
Bagamoyo.
14 Machi, 1966

Mpendwa Mjomba Msabaha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Mwanza ukiwa mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Je, kifua kimepoa? Tulisikia baridi ya ziwa inakusumbua. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo wangu haujatulia. Tangu asubuhi nimeiacha barua hii mara tatu; nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi. Hata mchuzi umeungua.

Nianze na ajali, maana simu ya maandishi tuliyokupelekea ilikuwa na maneno machache mno. Mwezi uliopita mume wangu Mrisho alikuwa akirudi kutoka Dar es Salaam na gari tulilonunua nawe nusu kwa nusu. Karibu na njia ya Mbegani tairi la mbele likapasuka, gari likaingia mtaroni. Abiria wanne walitoka na michubuko. Wa tano, Bi Sihaba, jirani yetu muuza mikeka, alivunjika mkono wa kulia. Mkono huo ndio anaosukia.

Tulidhani bima itamlipia matibabu. Kumbe karatasi yetu ilikuwa ya gari la matumizi ya nyumbani, si la kupakia watu kwa nauli. Tuliichagua kwa kuwa ni rahisi, wala hatukuuliza kwa nini ni rahisi.

Mtu wa bima alipokuja kuandika maelezo, Bi Sihaba alimnong'oneza Mrisho, "Mwanangu, nitasema nilikuwa mgeni wenu tu."

"Hapana, mama," Mrisho akajibu kwa sauti, yule bwana akisikia. "Nauli yako niliipokea kwa mkono huu."

Basi tukanyimwa. Matibabu tumeyabeba wenyewe, na gari tumelitengeneza wenyewe. Sikumlaumu.

Mjomba, uliandika tukate bima kubwa ili gari nalo lilindwe. Juma lililopita nilikwenda mwenyewe ofisini Dar es Salaam, maana Mrisho hakutaka hata kulisikia neno bima. Karani akanieleza kwa upole: gari lina umri, safari zake ni ndefu, na limekwisha pata ajali, yote hayo yanapandisha bei.

Nikamwuliza, "Nikikata kubwa ya matumizi ya nyumbani, kisha tukapakia abiria?"

"Utakuwa umelipa bure, bibie. Mkianguka na watu wa nauli, hampati kitu, si cha gari wala cha abiria."

Kubwa ya biashara ilitushinda kabisa. Tulichokiweza ni ndogo ya biashara: inawalinda abiria na watu wa njiani, lakini gari likivunjika hasara ni yetu, na nusu ni yako. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Karatasi ya zamani ilikuwa inakwisha kesho yake. Nikamfikiria Bi Sihaba anavyohangaika kufunga kanga kwa mkono mmoja. Nikatia sahihi.

Mrisho aliisoma karatasi mpya neno kwa neno, akaikunja. "Sasa nitapokea nauli bila kuinamisha macho," akasema. Leo amekwenda na kurudi salama.

Nilidhani hapo nitatulia. Wapi! Nimeiacha mali yako bila kinga, tena bila ruhusa yako. Ukitaka nusu yako, sema, tutaliuza gari. Ukiwa na hasira, nigombeze mimi, si Mrisho. Ila usikae kimya, mjomba. Kimya chako sitakiweza.

Nisalimie mkaza mjomba Mwaija na kaka Husseni. Bi Sihaba naye anakusalimu. Mola awape afya na riziki ya halali.

Ni mimi mpwa wako, mwenye kukupenda na kukuhofu,

Mardhiya