Tundu la Kumi na Moja

Mpendwa mshauri,

Mara ya mwisho kuliandikia gazeti hili nilikuwa nalalamikia mbwa mwitu na barua haikuchapwa, lakini hii nakusihi uisome mpaka mwisho, kwa sababu Jumapili baba mkwe wangu atanikabidhi bunduki yake mbele ya ukoo mzima, na mimi ndiye niliyemfanya aamini kwamba macho yake hayafai tena.

Mzee Arvid Skaar ana miaka sabini na minne, amefuga ng'ombe maisha yake yote kaskazini ya Lewistown, na katika klabu yetu ya kulenga shabaha kwa yadi elfu moja hakuna mtu ambaye hajawahi kumwuliza upepo unasemaje. Bunduki yake ni ya milimita saba na ushee, ya aina ambayo vijana wanasema mahali pake ni makumbusho, kitako kakichonga mwenyewe kwa mbao ya jozi, mtutu mzito kama reli, na risasi hanunui, anazitengeneza mezani kwake karakanani, maganda anayapanga kwa uzito, baruti anaipima punje kwa punje, na kila risasi iliyokamilika anaizungusha kwenye kipimo aone kama kichwa chake kimekaa wima, na ikiwa kimeinama kwa unene wa unywele anaiweka kando kwa ajili ya koyote wanaonyemelea ndama. Yangu ni ya milimita sita na nusu, mwili wake alumini, risasi zake za boksi kutoka dukani, na kusema kweli ni bunduki nzuri, haipigi bega, kichwa cha risasi ni chembamba na kirefu, kinapasua hewa, kwa yadi elfu hakishuki sana wala upepo haukichezei kama unavyokichezea chake. Mzee akiiona huguna.

"Mkwe, umekuja kulenga shabaha au kupaka dari rangi? Hiyo ni ngazi."

"Ngazi hii itakupanda kichwani, mzee."

"Na risasi zako ni keki ya boksi. Huumuka sawasawa kila siku, lakini hujasikia imeshinda kwenye maonyesho ya kaunti."

"Zako zinadondoka kama magunia."

"Zinadondoka, ndiyo. Ila zinadondoka zote mahali pamoja."

Miaka kumi na miwili tumeishi hivyo, na mimi sijamshinda hata mara moja, mpaka siku ya Pasaka mke wangu Corinne akaweka bakuli la viazi mezani kwa kishindo akasema, "Nendeni mkapige, mmalize, na mkirudi sitaki kusikia habari ya bunduki kwenye chakula changu." Tukapanga Jumamosi ya pili ya Mei, risasi kumi kila mmoja, tumelala ubavu kwa ubavu, karatasi zetu mbili zimesimama jirani kule mbali, na Maxine Pruitt, mhesabu matundu wa klabu, akiwa kwenye handaki lililo chini ya shabaha. Unajua utaratibu wetu, baada ya risasi za kujaribia karatasi hushushwa na matundu yake hubandikwa vibandiko vyeusi, lakini kwa zile kumi za kuhesabiwa hazishushwi mpaka wote wawili mmemaliza.

Risasi yangu ya tisa nilipoipiga nilinyanyua kichwa kutazama nyasi, upepo ulikuwa unageuka, nikarudi kwenye darubini kwa haraka, nikafyatua ya kumi. Tulipokwenda handakini kwa gari, mimi nilitangulia kuteremka, na Maxine, ambaye alikwisha kuzishusha karatasi zote mbili, akapanda kwenda kumshika mzee mkono kwa sababu ya goti lake. Nikabaki peke yangu na karatasi. Yangu ilikuwa na matundu tisa. Ya mzee ilikuwa na kumi na moja, kumi yamekusanyika katikati, upana wa inchi saba tu, na moja limekaa peke yake kulia kabisa, na nikajua papo hapo kwamba lile ni langu, nimelenga karatasi ya jirani, kosa ambalo kila mmoja wetu amewahi kulifanya na kuchekwa nalo mwaka mzima.

Sijui nikuelezeje. Vibandiko vilikuwa pale kwenye sanduku. Nilichukua kimoja nikaziba tundu moja la mzee, katikati kabisa, mahali ambapo tayari vilikuwepo vitatu vya risasi za kujaribia. Maxine aliporudi akahesabu ya mzee, kumi. Akahesabu yangu.

"Naona tisa."

"Mbili zimepita tundu moja," nikasema.

Hakuna aliyechukua kijiti cha chuma cha kupimia upana wa matundu, kwa nini wachukue, hesabu imetimia, na kwa lile la kulia kundi la mzee likawa pana kuliko langu, nikashinda. Mzee alilitazama lile tundu la kulia muda mrefu.

"Hii sikuiona ikitoka vibaya," akasema.

"Ni upepo, Arvid," Maxine akamwambia.

"Upepo niliuona. Ni jicho."

Jicho lile alitolewa mtoto wa jicho mwaka juzi, na daktari alisema limepona. Tulipofika kwenye lango lake akasema, "Yako ni bora kuliko yangu, mkwe. Nilikuwa mbishi tu." Bi mshauri, kauli hiyo niliingoja miaka kumi na miwili na sasa siitaki. Ameondoa jina lake kwenye shindano la Juni, ameifunika meza yake ya risasi kwa shuka, na amemwambia Corinne kwamba bunduki apewe mtu mwenye macho. Karatasi zote mbili ninazo, Maxine alizikunja akanipa niwe na kumbukumbu, ziko nyuma ya kiti cha gari. Corinne hajui. Je, niseme na kuivunja familia, au niipokee bunduki halafu nimshawishi polepole ajaribu tena?

Mkwe, karibu na Lewistown

*

Ndugu mkwe,

Umeniandikia barua ndefu ya kumsifu mzee wa watu, na kila sifa nimeiamini. Ndiyo maana nimekasirika.

Kwanza tumalize ubishi wenu, kwa kuwa najua nusu ya wasomaji wangu watausoma huo na kuruka dhambi. Nimeandika hapa kwamba milimita sita na nusu ndiyo yenye hesabu nzuri kwa yadi elfu, nikatukanwa na wazee wa kaunti tatu, na bado nasema hivyo. Kichwa chembamba hakichoki njiani upesi, na upepo unapata pa kukishika padogo. Lakini hesabu hiyo inafanya kazi karatasini. Uwanjani kuna mtu aliyeketi majira yote ya baridi akipima maganda, anayejua mtutu wake unapenda kulishwa nini, anayetazama mvuke wa joto ukitetema ndani ya darubini na kujua upepo utafanya nini kabla haujafanya. Matundu kumi ndani ya inchi saba, kwa risasi ya makumbusho, kwa jicho lililopasuliwa. Nimekaa viwanjani miaka ishirini na mitano, na walioweza hivyo nawahesabu kwa mkono mmoja. Siku ile ulilala kando ya kazi ya namna hiyo, ukaibandika kibandiko.

Wapiga upinde wa Istanbul ya zamani walisimamisha nguzo za mawe pale ulipoangukia mshale wa mbali kuliko yote, na nguzo haikusimama bila mashahidi. Walielewa jambo ambalo hata sisi tunalijua: anayelenga hawezi kuona alichopiga. Anamtegemea aliye kule mwisho. Mchezo wetu wote umejengwa juu ya neno la mtu aliye handakini, na wewe ulisimama handakini ukasema uongo.

Usinijie na habari ya kuivunja familia. Ushindi mzee angeusahau kufikia majira ya kupukutika majani. Wewe umempa ugonjwa wa jicho asio nao, na anauamini kwa sababu anakuamini. Leo anaufunga msimu. Mwakani atamwachia mwingine gari, mwaka wa tatu ataacha kuhesabu ndama wake mwenyewe, na kila anapojikwaa atalikumbuka tundu lile. Na ule mpango wako wa kuipokea bunduki kisha kumshawishi polepole ni woga uliovishwa koti la huruma. Uvue.

Nakuhurumia kidogo, nikubali. Miaka kumi na miwili ya kushindwa na mtu unayempenda ni mirefu, na sanduku la vibandiko lilikuwa karibu mno. Wengi wanaonisoma wamewahi kulitazama sanduku lile. Walilitazama tu.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo, mwambie Corinne, na usimwombe akusindikize kwa baba yake. Halafu nenda kwa Maxine, maana naye umemdanganya ndani ya handaki lake, akauweka mkono wake kwenye hesabu ya uongo. Mwombe akusamehe, na akuazime kile kijiti cha kupimia cha milimita sita na nusu. Akitaka kuja nawe, aje. Ijumaa asubuhi nenda karakanani kwa mzee, toa shuka mezani, tandaza karatasi yake, bandua kibandiko chako kwa ukucha wako mwenyewe, na umpe kijiti mkononi. Mwambie maneno haya na usiongeze: "Tundu la kulia ni langu, na hili nililiziba." Kisha nyamaza. Aingize kijiti mwenyewe, aone kinavyokaa bila kucheza pale ambapo risasi yake ingeacha nafasi. Usimweleze wivu wako wala Pasaka wala viazi. Akikufukuza, ondoka, urudi kesho yake.

Bunduki usiipokee, hata akikusamehe, hata akikubembeleza. Mwambie katibu wa klabu kwamba matokeo ya Mei ni ya uongo na mwenye uongo ni wewe, mwambie kabla hajaambiwa na mwingine, na jina lako lifutwe Juni. La mzee usilirudishe wewe. Atalirudisha mwenyewe au hatalirudisha.

Huenda akakugeuzia mgongo, akaanza kupanga maganda yake. Vumilia. Na ikitokea akavaa kofia, akaichukua bunduki yake ukutani na boksi la risasi zake, akakwambia uwashe gari, usimwulize mnakwenda wapi. Washa gari.