Gitaa Lililofuatwa

Shomari, hebu sikia haya.

Lile gitaa la miaka ya sitini nililonunua Igalula, nililowarushia picha kwenye grupu? Asubuhi hii nimelipiga uani. Bibi Marcelina, mama mwenye nyumba wangu, akatoka jikoni mbio. Yule asiyetembea bila mkongojo!

Akaita, "Kasimiri?"

Alipoona ni mimi akakaa chini palepale.

Kasimiri ni mumewe, bwana. Mwaka sabini na nne, wanahamishiwa kijiji cha ujamaa, wameshapanda lori, akaruka chini. "Nafuata gitaa tu, narudi." Hakurudi!

Bibi ameujua ule mkoromo wa uzi wa tatu. Uleule niliokuwa nawaringia nao!

Na mimi na mdomo wangu, nikamwambia aliyeniuzia alisema baba yake alilikuta porini, limetundikwa kwenye mti.

Akaniuliza taratibu, "Na aliyelitundika?"

Nikampa gitaa. Akalirudisha mikononi mwangu, akafungua mlango wa barabarani.

"Lipige kwa nguvu, baba. Hajui walinihamishia wapi."