Wapinzani Uliowaongeza Kitabuni

Mama,

Shikamoo. Nimekukasirikia, na bora niseme kabisa kabla sijaanza kulia tena.

Tangu tukuzike, Baba hajatoka hapa nyumbani. Chakula anakigusa tu, sato wake anaishia kwa paka. Anashinda barazani kwenye kile kiti cha kamba, na kila jioni ananiuliza swali lilelile: "Wapinzani wamefika?" Mwanzoni nilidhani akili imemruka. Kumbe anauliza habari za kitabu chako, ile riwaya ya kale ya Kiingereza uliyokuwa ukimsomea kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ile ya kundi la maonyesho linalohama mji hadi mji, na bwana mwenye glovu nyeupe anayekuita kwa jina kabla hujamwambia. Anayeingia kwenye hema lake anatoka hakumbuki hata watoto wake. Ulituacha zikiwa zimebaki sura nne.

Nikasema potelea mbali, nitazisoma mimi. Unajua ninavyoogopa mambo hayo. Nilisoma mchana kweupe, redio inaunguruma, na bado nilipofika kwenye zile glovu niliinuka kwenda kufunga mlango.

Lakini wale wapinzani ambao Baba anasema ulimsomea kwamba wako njiani, siwaoni! Nikarudi sura ya kwanza, nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kundi la pili. Hakuna ngoma inayokuja kutoka ng'ambo ya mto kumnyang'anya yule bwana watazamaji wake. Mji mzima unaingia hemani, kitabu kinaisha. Mama, ulitunga!

Nilikaa jikoni nikacheka, halafu nikalia sana. Wewe wa kundi la ngoma la Bagalu, Baba wa mahasimu wenu Bagika, mlijuana kule Bujora kwenye mashindano ya ngoma ya Wasukuma, pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja na watu wakimkimbilia anayewavutia. Kwako wewe ngoma isiyo na mpinzani haiwezekani. "Watu wana miguu," ulikuwa ukisema, "wakichoshwa wanahama." Basi ukaona mwandishi amesahau upande mmoja, ukamsaidia. Mwalimu mzima, jamani!

Sasa mimi nifanyeje? Nikisoma kilichoandikwa, nakuzika mara ya pili, na safari hii nakuzika na Baba. Siku tatu nilimkwepa, nikijifanya nina nguo nyingi za kufua. Jumapili nilipotoka kanisani nikasema hapana, leo ni leo. Nikachukua kitabu, nikakaa mbele yake, nikawaleta.

Niliwaleta kwa vishindo, Mama. Manyanga, filimbi, vumbi mpaka magotini. Nikawafanya Bagika, makusudi, ili mzee afurahi. Watu wakaanza kutoka hemani mmoja mmoja, na mwanamke wa kwanza kutoka akamwita mwanawe kwa jina. Yule bwana akabaki anapiga makofi peke yake na glovu zake.

Baba akasema, "Mama yako asingekubali Bagika washinde." Nikaona mabega yanatikisika, nikajua anacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akanigeukia: "Akifika kwa wapinzani, alikuwa haangalii kitabu. Na wewe hukuangalia."

Alijua! Miezi yote ile alijua, na bado alikuwa anangoja. Yeye akavuta bakuli la ugali, akala, akaniuliza mboga nyingine iko wapi.

Nimekumiss, Mama. Nakumiss vibaya. Lakini sikuandika kukulilia, nimeandika kukupa neno langu. Baba hatakaa kwenye hema la mtu akiwa peke yake, mimi nipo. Wiki ijayo naanza kumsomea kitabu kingine, na mwandishi akisahau upande wa pili, nitauongeza mwenyewe, kwa sauti, na huku namtazama Baba machoni.

Lala salama, Mama yangu.

Mwanao,
Kabula